Chumvi Ndani ya Maji Laini

Udongo mweupe niliununua sokoni Embu, kwa mwanamke anayewauzia wajawazito. Alinitazama tumbo, akaniongezea vipande viwili vya bure, akanipa pole ya mapema. Sikumsahihisha. Ningeanzaje kumweleza kwamba sina mimba, nataka tu kutengeneza zeolaiti?

Zeolaiti ni jiwe lenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Lipo la asili, na lipo la kutengenezwa maabara. Ukilipitishia maji magumu, hunasa chokaa iliyomo, na maji hutoka laini. Wenzangu chuoni walilisomea ili wapate shahada. Mimi pia nililiandikia tasnifu, ila hili nililitaka kwa ajili ya sufuria ya mama.

Mama anaishi chini ya Karurumo, barabara inakoteremkia nchi kame. Maji ya kisima cha kule hayatoi povu hata usugue sabuni vipi, na maharagwe yakipikwa humo hubaki kokoto mpaka jioni. Kwa hiyo kila jiko lina kopo la magadi. Unatia kijiko, githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, inalainika, maisha yanaendelea. Kisha presha ya mama ikapanda. Sista wa kliniki akamkataza chumvi, na magadi akamkataza kwa ukali zaidi. Mama akatii. Lakini meno yake yamebaki ya kuhesabu, githeri ngumu haiwezi, na vyakula vingine vyote anaviita vya wageni. Akaanza kukonda. Baba tulikuwa tumeshamzika. Nikimwona mama mifupa ya mabega imetokeza kwenye sweta, niliogopa kama mtoto mdogo.

Basi nikatwanga udongo ule, nikauchoma kwenye tanuri la maabara mpaka ukasahau kuwa ni udongo. Nikauchanganya na kostiki soda, ile ya wapika sabuni, nikaufungia kwenye chupa ya plastiki na kuilaza ndani ya oveni, katika joto lisilofikia la maji kuchemka. Kesho yake unachuja, unaosha, unaosha tena, mpaka karatasi ya kupimia iache kubadilika rangi. Mara ya kwanza nilizidisha moto. Ya pili iliharibiwa na haraka yangu, na ya tatu sijui mpaka leo. Mara ya nne nikapata unga mweupe, mwepesi. Niliutikisa na maji ya kwa mama, nikachuja, nikatia sabuni. Povu likafurika hadi mezani, nami nikacheka peke yangu.

Unga huo niliufinyanga na udongo kidogo kuwa vidonge, nikavioka, nikavijaza kwenye ndoo yenye bomba. Nilikuwa na mafungu mawili. Kila Jumamosi nilishuka na fungu lenye nguvu na kurudi na lililochoka, ambalo nilililoweka kwenye maji ya chumvi ili lipate nguvu upya. Chumvi niliinunua pakiti kwa pakiti.

Jumamosi ya kwanza githeri iliiva kabla ya saa saba. Mama alikula sahani nzima, akajiongeza. Huniita mama, kwa vile nilipewa jina la mama yake.

"Mama, hii mawe yako ni kama imesomea upishi," alisema.

Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama akitafuna. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia ile sahani.

Baada ya miezi miwili nikamsindikiza kliniki. Sista akapima, akapima tena.

"Shosho, presha imepanda zaidi. Unakula chumvi ukijificha?"

"Sijaguza chumvi," mama akasema.

Sikumwamini. Tulipofika nyumbani nikapekua jiko lake kama askari. Kopo la magadi nililipata nyuma ya kuni, nikalifungua, ndani mna mbegu za ndengu. Hata hilo halikuninyamazisha. Nilimwambia kwamba anataka kufa aniache peke yangu, na mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akageuka kuchochea moto.

Jumatatu nilikuwa maabara nikimimina chumvi kwenye beseni la vidonge. Fundi wetu wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu, akasimama kando yangu.

"Na hii chumvi yote huwa inaenda wapi, dada?"

Nikafungua mdomo nimfundishe. Nikaiweka pakiti chini. Jiwe halinasi bure, hubadilishana. Likishika chokaa, huachilia sodiamu, ile ile ya chumvi, ile ile ya magadi. Hayo nilikuwa nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye tasnifu. Katika kikombe kimoja ni kidogo. Lakini mama alipikia maji hayo, akachemshia chai, akayanywa, siku zote za miezi miwili. Mimi niliangalia kile jiwe linachotoa kwenye maji, sikuangalia linachotia.

Sikungoja Jumamosi. Nilimkuta mama anapepeta mahindi, akashtuka kuniona siku ya kazi. Nikamweleza yote. Nikamwambia nilimsingizia, na kwamba chumvi niliyoitafuta jikoni mwake nilikuwa nikimletea mimi mwenyewe.

Aliweka ungo chini.

"Hata mimi nilionja," akasema. "Chai ya kwanza tu. Mtu akikaa bila chumvi, ulimi unajua."

"Na ukanyamaza, mama?"

"Ulikuwa umefurahi sana. Na ulikuwa unakaa. Tangu tuzike baba yako, unaingia, unaweka shopping kwa meza, unaangalia saa. Hii ndoo ndiyo ilikukalisha."

Nililia, na nilimkasirikia pia, maana alikuwa tayari kunywa kilichokuwa kinamuua mradi nikae kwenye kigoda chake.

Ndoo sasa ni ya kufulia tu. Nashuka Ijumaa jioni, naloweka maharagwe, na asubuhi tunayabandika kwa maji ya kisima. Yanachemka kutwa tukiongea mambo ya watu. Yakikataa kabisa nampondea yake kwa mwiko, naye ananisema kwamba nimeyaponda vibaya.

Mwezi uliopita sista alipima, akatabasamu, akamuuliza mama amebadilisha nini.

"Si mimi," mama akasema, akinishika mkono. "Ni huyu. Amejifunza kukaa."