Honi Haisukumi Tela

Siku moja ya mavuno bado naikumbuka, mwanangu, nilipotoka Kinampanda kwenda Kiomboi na pikapu ya marehemu baba, nyuma nimefunga tela lililojaa magunia ya alizeti ya mama. Kaka yangu, ambaye ndiye dereva wetu, alikuwa amelala na malaria, na mawingu ya mvua yalikuwa yameshuka. Alizeti ikilowa huvunda, na mama hakuwa na shamba jingine. Nikasema mimi nitaweza. Kwenda mbele, kweli nilijua.

Tulipofika kwenye daraja jembamba, lori lilikuwa limeshaingia kutoka upande wa pili. Mimi nilikuwa nimesogea mno, hapakuwa na pa kupishana, ikabidi nirudi nyuma. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Juu ya anayerudi nyuma na tela hawakusema kitu. Nilikata usukani kulia, tela likaenda kushoto, likaukaribia mtaro. Nyuma yangu kulikuwa na basi dogo na pikipiki kadhaa, na wote wakapiga honi. Mmoja akapaza sauti kwamba mwanamke arudishwe jikoni. Mama, aliyekaa kando yangu, akageuka kuyatazama magunia yake. Nikatamani kushuka niache kila kitu palepale.

Dereva wa lori, mzee mwenye mvi, akazima injini. Kuzima injini katikati ya daraja, mwanangu, ni kuwaambia watu kwamba hapa hakuna anayekimbizwa. Akashuka, akanipita, akaenda kwa wale wa nyuma.

"Honi haisukumi tela," nilimsikia akiwaambia. "Rudini nyuma, mpeni binti nafasi."

Wakarudi, wengine wananung'unika. Ndipo akaja dirishani kwangu. Nikamwamkia, akaitikia kwa utulivu kana kwamba tumekutana gulioni.

"Shika usukani kwa chini," akasema. "Mkono unakokwenda, ndiko tela litakakokwenda. Kidogo kidogo tu."

Nikafanya hivyo. Kila lilipopinda nilisimama, nikalinyoosha, nikaanza tena, mpaka likakaa sawa pembeni ya barabara. Furaha niliyoipata pale sijui niifananishe na nini. Kabla ya kuondoka, mzee akaniambia jambo moja zaidi, kwamba na mimi nisiwafungie watu njia, niwapishe kwanza. Nikawapisha wote, hata yule wa jikoni, naye akapita ananipungia mkono kwa aibu. Tulifika kwenye kinu cha kukamua mafuta kabla tone la kwanza halijaanguka, na mama akamsimulia kila mtu pale jinsi nilivyoendesha.

Basi, mwanangu, ukikuta trekta na tela limekutangulia pale mlimani Sekenke, usiligandie, wala usilipite kwenye kona. Mvumilivu hula mbivu. Kaa nyuma kwa nafasi, umwache mwenzako afanye kazi yake, maana hujui amebeba jasho la nani. Na ukiwa wewe ndiye wa polepole, usijifanye barabara ni yako. Ukiona pa kusogea, sogea, wenzako wapite.

Mungu akulinde safarini, akurudishe salama kwa wanaokusubiri. Na siku utakayokwama mbele za watu, akuletee mtu asiye na haraka nawe.