Baba Ameujua Mkono Wangu Kwenye Koti la Mtumba

Admin, naomba unifichie jina, maana dada yangu anafuatilia ukurasa huu na watu wa kwetu Njombe wamejaa humu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, sijaoa, nipo Johannesburg mwaka wa nne sasa. Ni fundi cherehani. Kazi nilifundishwa na baba yangu mzazi tangu nikiwa darasa la tano, na kabla sijaja huku tulikuwa na fremu ya duka tuliyopanga sokoni, yeye na cherehani yake, mimi na yangu. Tulishona sare za shule na suti za harusi. Watu wakipita walisema, "Fundi, habari za leo?" na mimi nikaona ni kitu cha kawaida tu. Nilichoka kukaa pembeni ya baba, nikamwambia nakwenda Afrika Kusini kufungua duka langu. Akanipa mkasi wake mzuri, akaniombea, nikaondoka.

Ndugu zangu, duka sina. Nipo Fordsburg kwenye duka la mtu, nyuma kabisa karibu na choo, napunguza suruali na kubadilisha zipu asubuhi mpaka jioni. Tangu nije sijawahi kushona nguo nzima ikaitwa yangu. Bosi ananiita "maifrendi", na sidhani kama jina langu analijua. Nalala Joubert Park, chumba kimoja wanaume wanne, tumekigawa kwa mapazia. Kuna siku tulijifungia ndani tukiogopa kupigwa kwa sababu tu sisi ni wageni. Sisemi kwamba huku ni kubaya kwa kila mtu, wapo wenzangu waliosimama. Lakini nyumbani nilikuwa na mlango wangu wa kufungua asubuhi, na niliudharau.

Uongo niliuanza mwenyewe. Mwezi wa kwanza tu nilisimama mbele ya duka la bosi, Jumapili likiwa limefungwa, nikapiga picha na kumtumia dada: "Mwonyeshe baba, hili ndilo." Baba akaipeleka simu kanisani, wazee wakaitazama mmoja mmoja. Tangu hapo kila nikipiga naongeza kidogo. Leo nina vijana wawili, kesho nimenunua mashine nyingine.

Mwaka huu, kabla baridi ya Juni haijashika, nikataka kumtumia baba koti. La dukani siliwezi. Nikaenda mjini wanakomwaga mitumba chini, nikachakura mpaka nikapata koti zito la sufu, zuri kweli, ila bitana yake, kile kitambaa cha ndani, imechanika kwapani. Nikalifua, nikalipiga pasi, nikashonea lebo mpya, nikalitia kwenye mfuko wa dukani. Mkongo ninayeishi naye, naye ni fundi, alikuwa ananitazama kitandani kwake. Akaniambia, "Muzee si ni fundi? Ataona tu. Eish, ndugu yangu, umuambie ukweli upumzike." Nikamjibu hawezi kuona, lebo nimeipiga kwa mashine.

Na kweli, lebo haikuniumbua. Kilichoniumbua ni ile bitana. Ningeiacha ilivyo, lakini fundi hawezi kutuma nguo imechanika, nikaishona kwa mkono, mishono mifupi mifupi ya kurudi nyuma, fundo nimelificha ndani ya upindo. Hivyo ndivyo baba alivyonifundisha, na nikikosea alikuwa ananifumulisha yote. Koti likaondoka na mtu wa Mbeya aliyekuwa anakwenda kusalimia kwao.

Baada ya wiki mbili baba akapiga mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Koti limenikaa vizuri. Na kwapa umelishona vizuri, mkono wako haujaharibika."

Hakuniuliza koti jipya lilishonwa kwapa kwa sababu gani. Akaendelea taratibu, "Macho yangu siku hizi tundu la sindano hayalioni. Mwenye fremu anataka jibu mwisho wa mwezi ujao, kuna mtu anaitaka. Peke yangu siiwezi. Niiache, au nikushikie?"

Jamani, alikuwa ameshajua kila kitu, na badala ya kunisema akanionyesha njia ya kurudi. Na mimi nikamjibu, "Iache tu, baba. Mimi huku nina duka." Nilimdanganya mtu aliyekwisha kuujua ukweli, na wote wawili tulikuwa tunajua hivyo. Akasema, "Haya, baba. Mungu akutangulie." Akakata.

Juzi yule mtu wa Mbeya amerudi, ameniletea mzigo kutoka nyumbani. Kuufungua, ni koti. Lebo yangu imefumuliwa. Kwapa la pili, ambalo lilikuwa linaanza kuachia na mimi sikuliona, limeshonwa. Mishono imepinda, mingine mirefu, mingine mifupi. Mishono ya baba yangu, ambaye zamani asingeikubali hata kwa mwanafunzi. Nilikaa chini na lile koti mapajani, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Nikampigia dada. Akasema, "Baba anasema baridi ya huko ni kali kuliko ya kwetu, ulivae wewe. Na yule mwenye fremu, baba bado hajampa jibu. Kila asubuhi anakwenda kufungua, anafuta vumbi cherehani yako, anakaa."

Zimebaki siku tisa mwezi uishe. Nikirudi mikono mitupu, wale wazee walioonyeshwa picha watamcheka baba kwa ajili yangu. Nikibaki, fremu inakwenda, na yeye anakaa nyumbani akijua alilea mwongo. Matusi nayastahili, nitukaneni, sitajibu. Ila mkimaliza nishaurini, maana simu nimeishika tangu asubuhi na koti nimelivaa. Nikishasema "Shikamoo, baba," na yeye akaitikia, neno linalofuata nimwambie nini?