Chupa ya Tatu

Shule niliiacha mapema, kwetu Kivu ya Kusini, kwa hiyo mambo ya supamaketi msiniulize sana. Nitaeleza nilichoona, na pale nisipoelewa nitasema sikuelewa.

Wiki ile wakwe walikuwa waje kwetu Rubondo, ndani ya kambi ya Nakivale, kuzungumza mahari ya binti yetu wa pili. Mke wangu alitaka kukaanga kila kitu: samaki, ndizi, maandazi. Mafuta tuliyogawiwa kambini yalikuwa yamebaki ya kulowesha kidole tu. Akanipa pesa. "Papa, enda mpaka Mbarara, kwenye ile supamaketi ya karibu na paki ya taksi. Ulete chupa tatu."

Nikahesabu, nikaona ni pesa ya chupa mbili. Nikamwambia.

"Wee enda tu. Jirani ametoka huko. Unalipa mbili, banakupa tatu."

"Kwa nini?"

"Papa, ni miye mwenye duka?"

Basi nikaenda. Mlangoni askari alichukua mfuko wangu, akanipa kibati chenye namba. Kadi ya chakula cha kambini sikumpa. Ile inakaa ndani ya shati, hata kanisani naingia nayo, maana tuko watu saba tunaokula kwa kadi hiyo. Ndani bintu ni mingi, vitu vya kila aina, na bei karibu zote zinaishia na mia tisa. Elfu nne na mia tisa. Kwa nini wasiseme elfu tano, mtu akajua moja? Nilimuuliza mama mmoja, akacheka, akasukuma kigari chake. Juu ya mafuta walibandika karatasi kubwa: wamechora chupa mbili, alama ya kujumlisha, chupa moja. Hesabu hiyo hata mimi niliifikia shuleni. Lakini pale ilikuwa inamfundisha nani?

Nikabeba mbili, nikaenda kulipa. Binti wa kwenye mashine akanyanyuka, akaniwekea ya tatu.

"Muzee, hii ya bure."

"Ya bure ya nani?"

"Ya wewe. Promosheni." Akasogeza kikaratasi na kalamu. "Andika jina, namba ya simu, na fasi unatoka. Unaweza shinda pikipiki."

Hapo kalamu sikuishika. Kwetu kambini kitu cha bure kina kadi, kina foleni, kina dole gumba kwenye wino. Na ukipokea fasi mbili, mahali pawili, wanakufuta kwenye orodha. Jirani yangu mwingine alikutwa amepokea mahindi kwenye zoni mbili, akafutwa, msimu mzima akala kwetu. Sasa mimi niandike jina hapa kwa ajili ya mafuta, halafu mwisho wa mwezi nikapokee mafuta kule?

Nikatoa kadi, nikamwonyesha. "Binti yangu, mimi nimeshaandikwa mahali pengine. Angalia. Watu saba."

Akaiangalia kadi, akaniangalia mimi. Kwenye mstari watu wakaanza kuguna. Mmoja akasema, "Muzee, kama hautaki, leta kwangu!" Nikalipa mbili, ya tatu nikaiacha palepale mezani. Chenji ya shilingi mia mbili wakanipa pipi. Hiyo nayo sijui.

Nyumbani mke wangu akatazama mfuko. "Ya tatu iko wapi?"

Nikamweleza. Akazitoa zile mbili, akazipanga chini, halafu: "Umekatala mafuta ya mtoto wako juu ya pikipiki?"

"Si pikipiki. Ni kadi."

"Kadi ya kambi na duka ya Mbarara vinajuana wapi?"

Risiti nikaikunja, nikaiweka pamoja na kadi.

Kesho yake tukaenda wote wawili, yeye mbele. Risiti nilikuwa nayo, maana karatasi yoyote mimi situpi. Yule binti akatuona kwa mbali. "Muzee wa kadi amerudi!" Wenzake wakacheka. Akasoma risiti, akasema chupa tutapewa, ila lazima jina liandikwe kwenye kitabu, na sahihi. Nikamvuta mke wangu kitenge: tuache. Akanipiga mkono, akaandika jina lake, zoni yetu, kila kitu. Hata kile kikaratasi cha pikipiki akakijaza.

Njiani nilipiga hesabu: nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, ingenunua ile chupa na nyingine juu yake. Nikamwambia. Akasema, "Basi ungebeba jana." Hapo alikuwa na haki.

Wakwe walikula, wakashiba, maandazi mengine wakafungiwa waende nayo. Mahari tukasikilizana. Mimi sikula vizuri.

Siku ya kugawiwa ikafika. Nikasimama kwenye foleni tangu asubuhi, shati limelowa. Karani akapokea kadi, akatafuta kwenye orodha yake, akachelewa kidogo pale kwenye jina letu. Mke wangu alikuwa nyuma yangu na magunia. Karani akatoboa kadi.

"Saba. Sogea."

Mahindi, maharagwe, mafuta, vyote vilikuwa kamili. Mke wangu akanitwika gunia la mahindi. Mimi nikawaza labda habari bado haijafika kutoka Mbarara. Mwezi uliofuata nikawaza vilevile.