Yule wa Nyuma ya Pazia

Mimi ni mtu wa ndani tangu utotoni. Watoto wenzangu wa Malindi walipokwenda kucheza, mimi nilibaki nikiwachungulia nyuma ya pazia, nikijiambia jua ni kali. Rafiki nilikuwa na mmoja tu, shoga yangu wa darasa la sita, na alinitosha. Kumbe mimi sikumtosha yeye.

Mwaka ule mwalimu wetu alianzisha chama cha salamu. Tuliandika kadi zikasomwe redioni katika kipindi cha watoto, ili tujuane na wanafunzi wa shule nyingine. Kila kadi ilipitia kwake kwanza. Jina la mtaa alilifuta, jina la baba alilifuta, na mtoto hakutajwa mpaka mzazi wake aridhie.

"Redio haina mlango," alituambia. "Anayesikiliza humwoni."

Jumamosi moja alasiri ikasomwa kadi ya shoga yangu. Nyumba nzima tuliizunguka redio. Akamsalimia mwalimu, akamsalimia mpishi wa shule. Akamsalimia yule msichana mgeni, Mwamu aliyehamia kutoka Lamu, ambaye hata begi lake lilikuwa bado lanukia duka. Akamsalimia hadi mtoto mmoja wa Vitengeni ambaye hawajapata kuonana, wamejuana kwa kadi tu. Nikasogeza sikio.

"Na wengine wote wanaonifahamu," mtangazaji akamalizia, ukapigwa muziki.

"Basi nawe umo," kaka yangu akasema. "Wewe ndiye wengine wote."

Usiku ule nilisusa chakula, mpaka niliposikia ni wali wa nazi. Wivu wangu una mipaka. Lakini Jumatatu nilihama dawati, na shoga yangu akanifuata.

"Waninunia nini?"

"Nenda kwa Mwamu wako."

"Nilikuandika wa kwanza, shoga. Mwalimu amekufuta. Mamako hakuridhia."

Nyumbani nikamkabili mama. Hakuinuka hata juu ya mbuzi, aliendelea kukuna nazi yake.

"Mwalimu wenu alikuja, akaniamkia vizuri, shikamoo yake nikaipokea. Ruhusa sikumpa. Jina la binti yangu lisikiwe na watu nisiowajua, kisha waje kumuulizia hapa? Huyo shoga yako kama akupenda, na aje akusalimie barazani."

Nililia. Mama akaniambia nikimaliza nichuje tui.

Kadi iliyofuata ya shoga yangu ilimsalimia mwalimu, ikamsalimia Mwamu, halafu: "Na yule wa nyuma ya pazia, ambaye mamake amesema nisimtaje." Jina halimo, mtaa haumo. Mwalimu hakupata cha kufuta. Mama alicheka mpaka akajifutia machozi kwa leso. Mimi nilivimba kwa raha, raha iliyodumu hadi Jumatatu, shule nzima iliponiita Pazia.

Hata leo sokoni mimi ni Bi Pazia, na wengi hawalijui jina langu la kweli. Mama alikipata alichokitaka. Mimi lakini sijasahau kwamba Mwamu alitajwa kabla yangu, tena kwa jina lake hasa.