Tumbawe la Mwisho

Mama wa maabara yetu ana kidole gumba kilichopaushwa na asidi, na akifanya kazi huimba puani. Husugua tumbawe kwa mswaki hadi kijani cha juu kiishe, kwa kuwa mwani tunaoutafuta huchimba na kuishi ndani ya chokaa. Nililetewa vipande vitatu kutoka Omani. Viwili niliviunguza kwa asidi kali nikiharakisha kuyeyusha chokaa, mwani ukapotea pamoja na jiwe lake, na tasnifu yangu yote ikabaki kutegemea kimoja.

“Leta, we mwanamapinduzi,” aliniambia, akiitania pupa yangu. “Hapa apana maandamano. Tone moja, unangoja.”

Alisema bismillahi, akadondosha asidi hafifu, povu likatulia, akadondosha tena. Ilikuwa hivyo siku tatu, akinifukuza kila nilipoikaribia chupa. Chokaa ikaisha, ukabaki utando laini wa kijani. Chini ya hadubini niliona nyuzi zikitawanyika kama matawi, nikapaza sauti: Ostreobium, mwani wetu! Kwenye kibandiko cha sampuli, mbele ya neno “Aliyetambua”, niliandika jina la mama huyo.

“We mutoto, profesa atakucheka.”

“Acheke, mama.”

Ndipo akavua miwani, akaniomba nimpishe kwenye hadubini, aone alichokitambua.