Bado Kidogo na Swali la Nne

Idara nzima ya takwimu ilimwita Bado Kidogo, na jina hilo hakupewa na adui. Alijipa mwenyewe kwa mdomo wake, kwa sababu kila alipoulizwa tasnifu yake ya udaktari imefikia wapi alijibu maneno hayo hayo mawili, na huu ulikuwa mwaka wa nane. Mwenzake mmoja waliyeanza naye siku moja alikuwa sasa ndiye mkuu wa idara, na bado alikuwa akiuliza.

Utafiti wenyewe ulihusu foleni. Msicheke. Bado Kidogo alichunguza jinsi watu wanavyosubiri kwenye madirisha ya huduma: dirisha la dawa, la pensheni, la vitambulisho. Alikuwa amekalia mabenchi ya ofisi arobaini, saa ya kupimia muda mkono mmoja na daftari mkono wa pili, mpaka walinzi wawili wakamshuku na wa tatu akamhurumia akamletea chai. Mtu kutumia miaka minane kuandika habari za kuchelewa ni kichekesho, na yeye alilijua hilo kuliko wote. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kukisimulia kila alipokwenda, wengine wasije wakamtangulia.

Makao yake yalikuwa chumba namba 514, ghorofa ya tano, chenye meza tano na wanafunzi sita wa udaktari. Kwa ukongwe wake alipewa meza ya heshima, ile ya karibu na dirisha, ambayo pia ilikuwa chini kabisa ya kiyoyozi kinachovuja. Alitega kopo la rangi juu ya kabati la mafaili, na kila asubuhi kabla ya kusoma chochote alilimwaga. Kiti chake kilikuwa na magurudumu manne kati ya matano, hivyo alizoea kuegemea kushoto, na mazoea hayo yalimfuata hata kwenye viti vizima. Wageni walidhani anasikiliza kwa makini.

Mchana alifundisha takwimu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walikuwa mia mbili na kumi na wanne, wamegawanywa makundi saba, naye alirudia somo lile lile mara saba kwa wiki. Kufikia kundi la tano alikuwa mzuri kweli. Kufikia la saba alikuwa hajui tena kama utani wake ameshausema au bado, akawa anautazama ubao kwa mashaka kama mtu aliyesahau kuzima jiko.

Nyumbani kulikuwa na mama yake, na kwa mama yake kulikuwa na gauni. Mama alilishonesha mwaka wa nne wa masomo ya mwanawe, kwa ajili ya mahafali, la buluu, lenye mikono mirefu. Tangu hapo lilikuwa limerudi kwa fundi mara mbili kupanuliwa kiunoni, maana mama naye hakuwa amesimama akingoja. Kila alipopiga simu Bado Kidogo aliulizwa habari za afya, habari za chakula, kisha sauti ikashuka: "Na lile jambo letu?"

Safari hii jibu lilikuwepo. Chuo kilikuwa kimemwandikia barua isiyo na utani: miaka minane ndiyo mwisho, nyongeza mbili za muda ameshazila, na kama tasnifu haitafika ofisi ya shahada za juu Ijumaa saa kumi jioni, jina lake linafutwa. Na kumbe tasnifu ilikuwa tayari! Kurasa mia mbili sitini na nane, zimesomwa na msimamizi wake, zimepitishwa, zimechapwa, zimebaki kutiwa jalada. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, bado kidogo ilikuwa kweli bado kidogo. Mama aliambiwa Ijumaa. Gauni likatolewa kabatini likapigwa pasi.

Sasa mtu mwenye bahati ya namna hiyo angekaa kimya. Bado Kidogo alitunga mtihani.

Ulikuwa mtihani wa katikati ya muhula, maswali matano, na kwa swali la nne alishindwa kujizuia, akachomoa mfano kutoka sura ya tatu ya tasnifu yake mwenyewe. Alitaka vijana waonje utafiti wa kweli. Tuseme ukweli: alitaka waulize umetoka wapi, ili aseme. Swali lilikuwa hivi. Karani hufungua dirisha, humhudumia kila aliyepo, kisha hufunga. Muda mpaka afungue tena ni dakika tano au dakika kumi na tano, kila moja ikitokea sawa na nyingine. Mtu akifika wakati wowote tu, atasubiri dakika ngapi kwa wastani? Mwongozo wa kusahihisha aliuandika kwa dakika mbili: wastani wa pengo ni dakika kumi, mtu hufika katikati, jibu ni tano.

Alisahihisha madaftari mia mbili na kumi na manne kwa siku nne na kalamu nyekundu tatu. Jumatatu akayarudisha, na kabla hajaketi vizuri upande wake wa kushoto, mlango wa 514 ukagongwa.

Alikuwa mwanafunzi wa kundi la pili, mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka kadhaa, ambaye asubuhi hutoa dawa kwenye dirisha la hospitali na mchana huja darasani, sare bado iko ndani ya mkoba. Wanafunzi wenzake humwita Dada wa Dawa.

"Samahani, mwalimu, nimekuja kwa ajili ya swali la nne," alisema, akaweka daftari mezani. "Nimepata sifuri."

"Kaa, dada. Wengi wameliona gumu." Bado Kidogo alivaa ile sauti yake ya upole wa kundi la tano. "Wewe umeandika sita na robo. Jibu ni tano."

"Mimi naona siyo tano, mwalimu."

"Wastani wa pengo si kumi?"

"Ni kumi. Lakini naomba karatasi."

Akachora mstari mrefu. Akaukata vipande: kifupi, kirefu, kifupi, kirefu, kila kirefu mara tatu ya kifupi. Kisha akampa kalamu.

"Fumba macho, mwalimu. Dondosha kalamu popote kwenye huu mstari."

Bado Kidogo alifumba macho, huku wenzake wanne wakijifanya wanasoma. Kalamu iliangukia kipande kirefu. Akarudia: kirefu. Mara ya tatu alichungulia kidogo, ikaangukia kirefu vilevile.

"Unaona? Vipande viko sawa kwa idadi, lakini kirefu kimechukua nafasi kubwa. Mtu akija bila kupanga, mara tatu kati ya nne anakuta lile pengo refu. Kwenye refu anasubiri saba na nusu kwa wastani, kwenye fupi mbili na nusu. Ukipiga hesabu inakuja sita na robo." Alikunja karatasi. "Watu wanaokuja dirishani kwangu wananiambiaga kila wakifika wanakuta ndiyo tumefunga. Nilikuwa nawaona waongo. Siku moja nikaanza kuandika. Siyo waongo."

Bado Kidogo alisema atalitazama. Alisema asante sana. Alimsindikiza mpaka kwenye lifti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote, kwa sababu hakutaka kurudi mezani.

Maana mezani kulikuwa na sura ya tatu. Sura hiyo ndiyo aliyojivunia kuliko zote. Ndani yake alikuwa amelinganisha muda ambao watu walisema wamesubiri na muda ambao hesabu zake zilionyesha, akakuta watu wanasema mrefu zaidi, ofisi zote arobaini, bila kukosa hata moja. Akahitimisha kwa ujasiri kwamba wananchi hutia chumvi. Kichwa cha sura kilisema hivyo hivyo, kwa herufi nzito. Hakuwahi kupima mtu mmoja mmoja anapofika. Alipima mapengo ya madirisha, akagawanya wastani kwa mbili. Jioni hiyo aliketi na kikokotoo akarudia ofisi ya kwanza kwa njia ya Dada wa Dawa, na namba ikaja pale pale watu walipokuwa wamesema. Ofisi ya pili, vilevile. Ya tatu hakuimaliza. Ilikuwa aibu ya kweli ambayo hakuna utani unaoitoa.

Jumanne alikuwa wakili wa shetani na wake mwenyewe. Nani atajua? Profesa anayemsimamia alisoma sura ile mara tatu akaipitisha. Watahini wa nje watasoma muhtasari na shukrani, kama ilivyo ada. Dada wa Dawa atapewa alama zake kimyakimya, daftari moja tu, mambo yaishe. Akipata udaktari atalisahihisha kosa kwenye makala, kwa mapana, kama msomi aliyekua. Alijishawishi vizuri kiasi kwamba alishuka na kurasa zake zote mpaka kwa mtia majalada. Foleni ilikuwepo. Akasimama, mtaalamu wa foleni, kurasa mia mbili sitini na nane kifuani, na mbele yake mzee mmoja akamgeukia akasema, "Mimi kila nikija hapa nakuta wamefunga tu."

Bado Kidogo alitoka kwenye mstari.

Jumatano asubuhi alikuwa mlangoni kwa Profesa, msimamizi wake, mwanamke mfupi anayejibu barua ndefu kwa neno moja. Alimweleza yote akiwa amesimama, kwa kuwa hakuamini viti. Profesa alichora mstari, akaukata vipande, akafumba macho akadondosha kalamu. Kisha akavua miwani.

"Nimeisoma mara tatu," alisema.

"Ndiyo, Profesa."

"Nani ameona?"

"Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilimpa sifuri."

Profesa hakucheka, na hilo lilimtisha kuliko kicheko. Alifuta miwani kwa muda mrefu. Alisema kosa hilo ni lao wote wawili na atakwenda yeye mwenyewe kwa mkuu wa kitivo, kwa miguu yake. Alirudi baada ya chakula cha mchana na jibu: miezi sita, ya mwisho kabisa. Lakini aliye nje ya muda haruhusiwi kufundisha. Muhula ukiisha, makundi saba yanapewa mtu mwingine, na meza ya 514 pia.

"Ungeniuliza kama upeleke hivyo hivyo, sijui ningekujibu nini," Profesa alimwambia. "Nashukuru hukuniuliza."

Alhamisi makundi yote saba yaliwekwa pamoja kwenye ukumbi mkubwa. Usiku wote wa Jumatano alikuwa amepekua madaftari upya, akapata wengine wanane aliowapa sifuri kwa kusema kweli. Walioandika tano hakuwapunguzia kitu, maana walifuata alichowafundisha yeye. Alichora mstari ubaoni akaukata vipande.

"Swali la nne nimelikosea mimi," alisema. "Mwenzenu mmoja amenisahihisha. Ana haki ya alama zake, nami nina deni la kumshukuru mbele yenu."

Aliona Dada wa Dawa safu ya tatu, amekazia macho daftari, anatabasamu kwa siri. Bado Kidogo alihisi kitu kikubwa kikipita ukumbini, labda heshima, labda hata mapenzi ya ukweli. Mkono ukanyanyuliwa nyuma kabisa.

"Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani wa mwisho?"

Ijumaa saa kumi jioni, saa ambayo angekuwa anakabidhi tasnifu, alikuwa kwenye ngazi za jengo, simu sikioni.

"Mama, haijawezekana leo. Kuna kosa. Ni langu. Wamenipa miezi sita."

Mama alisikika akivuta kiti, akikaa.

"Kosa kubwa?"

"Kubwa."

"Umelisema mwenyewe, au wamekukamata?"

"Nimelisema mwenyewe."

"Haya." Akapumua. "Gauni bado lina upindo wa kutosha. Fundi aliacha."

Bado Kidogo alicheka, kisha akakumbuka. Kwa miaka mingi mama huyu alikuwa akimlalamikia dirisha la pensheni: kwamba kila akifika limefungwa muda huo huo, kwamba anasimama mpaka miguu inavimba. Na yeye, mwanawe msomi, alimjibu kwa upendo wote kwamba amelifanyia utafiti dirisha lile lile, na hesabu zinasema anatia chumvi.

"Mama, kuna jambo lingine. Lile dirisha la pensheni. Ulikuwa unasema kweli. Mimi ndiye niliyekosea."

"Najua, baba," alisema mama. "Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale."

Kisha akamuuliza kama amekula.