Tundu Kwenye Gamba la Kobe

Harufu ya gunia lililolowa hunikumbusha kobe wangu hadi leo.

Baba alimtoa kobe kwenye majabali ya Mvumi, akamtoboa gamba na kumfunga kamba ili nicheze naye. Asubuhi moja askari wa wanyamapori wakaingia uani kwetu. Haraka nikamfunika kobe kwa beseni, nikatupia gunia bichi juu yake, nikakaa.

"Shikamoo," nikasema bila kuinuka.

"Marahaba. Mbona husimami?"

Chini yangu kucha zilikuwa zinakwaruza beseni. Askari mmoja akaninyanyua kwa upole, akamtoa kobe.

"Nilimwokota mwenyewe," nikasema.

Akaingiza ncha ya kidole kwenye lile tundu. "Na hili ulitoboa mwenyewe?"

Nikageukia jikoni. Mama alisimama na mwiko mkononi, uji ukiungua.

"Nimetoboa mimi," baba akasema akitoka ndani. "Sikujua kufuga kobe ni kosa."

"Kibali huna, mzee. Halafu gamba nalo huuma likitobolewa."

Wakawapakia garini wote wawili, baba na kobe.

Baba alirudi siku ya nne, peke yake. Aliniuliza tu kama nimekula. Nikamwambia nimekula, na haikuwa kweli.